Mwalimu Aliyekataa Shokabu Ngumu

Ndani ya mtaa wa Tena, Mwalimu aliendesha gari polepole kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Bodaboda zilimpita, mikokoteni ya maji ilimpita, na siku moja nilimwona mama mwenye beseni la samaki kichwani akimpita kwa miguu. Waliokuwa nyuma yake walipiga honi, naye aliwaacha wapige. Kisha, mara moja kwa mwezi, Jumamosi asubuhi, alilitoa gari hilohilo nje ya jiji mpaka kwenye uwanja wa mbio ambako watu wa kawaida hukodi saa chache wakakimbiza magari yao. Huko alivaa helmeti juu ya kitambaa chake cha kichwa na kuingia kona kwa namna iliyonifanya nishike waya wa uzio kwa mikono miwili.

Mimi ni fundi wa magari. Kazi yangu hasa iko chini ya gari: springi, bushi, usukani, na zile shokabu ambazo mafundi wa zamani huziita shokomzoba. Karakana yangu iko mtaa jirani wa Mowlem, na ina mabati upande mmoja na uwazi upande wa pili. Mwalimu aliniletea gari lake hapo kwa miaka tisa. Alikuwa ameshastaafu tulipojuana. Alikuwa akifundisha Kiswahili, na nusu ya watu wazima wa mitaa ya Umoja na Tena walipita mikononi mwake, kwa hiyo hakuna aliyemwita kwa jina. Hata wazee waliomzidi umri walimwita Mwalimu.

Alikuwa na kawaida ya kukaa juu ya tairi kuukuu, akisubiri gari lake huku akisahihisha watu. Mteja akija akasema gari hii inaruka nyuma, Mwalimu alisema bila kuinua macho kwamba gari hili linaruka. Vijana walicheka, wakamwambia sawa mathe, yaani mama, wakaendelea na maneno yao. Yeye aliwatazama tu mpaka mmoja aseme tena kama inavyotakiwa. Nimeona dereva wa lori, mtu mwenye shingo kama gogo, akisimama mbele yake na kurudia sentensi kama mtoto wa darasa la tatu.

Swali lake lilikuwa moja. Ukimtajia kifaa chochote alisema, "Usiniambie kinaitwaje. Niambie kinafanya nini." Mafundi wengi hawakulipenda swali hilo. Mimi pia sikulipenda, kwa sababu kuna vifaa nilivyovifunga miaka mingi nikijua majina yake na mahali pake tu.

Aliogopa vitu ambavyo wengine hawaviogopi. Hakuwahi kupanda bodaboda. Aliishi nyumba ya chini kwa sababu hakuweza kusimama kwenye roshani ya ghorofa ya tatu bila kizunguzungu, na alipoalikwa harusi kwenye ukumbi wa juu alipanda ngazi akiwa ameshika mkono wa mtu na kufumba macho. Lakini mwendo wa kasi haukumtisha. Alinieleza mara moja tu jinsi alivyouanza. Vijana wa kanisa lake walipelekwa kutembezwa uwanjani siku ya kuchangia wagonjwa, yeye akaenda kama mlezi wao, na dereva mmoja akampakia kwa mzunguko mmoja. Aliporudi aliwaambia vijana wasubiri, akaomba mzunguko wa pili. Mimi nilipomuuliza alihisi nini, alisema miaka thelathini aliwakataza watoto wasikimbie kwenye varanda za shule, na siku hiyo ndipo alipojua amekuwa akiwanyima nini.

Kanisani hawakulifurahia jambo hilo. Kina mama wa kikundi chake walifika nyumbani kwake wakiwa sita, wakanywa chai yake, wakamwombea aondokewe na roho ya mbio. Kina mama wenyewe ndio walionisimulia. Walisema aliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote, akawafungia maandazi ya watoto, na Jumamosi iliyofuata akaenda uwanjani.

Sasa nieleze kosa langu, kwa sababu bila hilo huyu mama hamtamwelewa.

Siku ya kwanza aliyonijia kuhusu uwanja, shokabu zake zilikuwa zimekwisha. Mbili zilivuja mafuta, na ukisukuma kona ya gari kwa mkono lilinesa mara nne kabla ya kutulia. Nilimwambia anahitaji shokabu za mashindano, ngumu kabisa, zile ambazo vijana wote wenye magari yaliyoshushwa chini walikuwa wakinunua. Aliniuliza kwa nini ngumu. Nikamwambia gari gumu halilali kwenye kona. Akauliza shokabu inafanya nini. Nikasema inazuia gari kunesa. Akauliza tena, springi nayo inafanya nini, na kama springi zake ni laini zile za kiwandani, itakuwaje kuzifunga pamoja na kitu kigumu namna hiyo. Gari linakwenda uwanjani siku moja, akasema, siku nyingine zote linakwenda sokoni na kanisani juu ya mashimo.

Badala ya kukiri kwamba sijui, nilijifanya mkubwa. Nilimwambia, "Mwalimu, hapa ni darasani kwangu."

"Haya," akasema. Nikafunga zile ngumu.

Nilikuwa uwanjani siku ajali ilipotokea. Kona ya nne ya uwanja ule ina viraka vya lami, na baada ya viraka kuna bonde dogo ambalo ukiwa kwenye gari la kawaida hulihisi kama mkunjo kwenye zulia. Mwalimu aliingia vizuri. Gari halikulala hata kidogo, na mimi nikajisifu moyoni. Lilipofika kwenye viraka, nyuma ilianza kurukaruka. Lilipofika bondeni, magurudumu ya nyuma hayakuwa yakigusa kitu, na gari likageuka lote, likaenda kinyumenyume kwenye nyasi mpaka kwenye ukuta wa matairi.

Nilikimbia. Nilipofika alikuwa ameshatoka, amevua helmeti na anafunga upya kitambaa kwa mkono mmoja. Mkono wa kushoto ulikuwa umening'inia. Kijana wa huduma ya kwanza alimwambia asiusogeze, hii mkono imevunjika. Mwalimu, midomo ikiwa imegeuka rangi kwa maumivu, akasema, "Mkono huu umevunjika." Kijana akarudia. Ndipo akakubali kufungwa.

Nilimsindikiza hospitalini na kurudi, na njia nzima nilisubiri aniulize kuhusu shokabu. Alizungumzia bei za vitunguu.

Wiki iliyofuata mwanawe wa kwanza alikuja karakanani. Alikuwa mtu mzima, mpole, anafanya kazi ofisini upande wa pili wa jiji, na alikuwa amevaa viatu ambavyo ardhi yangu ya mafuta haikuvistahili. Gari la mama yake lilikuwa kwangu, bampa ya nyuma imebonyea. Alilizunguka mara mbili. Kisha akaniuliza kama mama yangu yuko hai. Nikamwambia yuko hai, yuko Majengo, huuza mahamri asubuhi.

"Basi unanielewa," akasema. "Mwambie chasisi imeoza, gari halifai tena. Mimi hanisikii. Wewe atakusikia."

Ningependa kusema nilikubali kwa sababu ya huruma. Huruma ilikuwapo. Lakini nilikubali zaidi kwa sababu gari likipelekwa kuvunjwa vyuma, hakuna atakayewahi kuuliza kwa nini nyuma iliruka kwenye kona ya nne. Nilimwambia aende kwa amani, nitasema.

Mwalimu alikuja siku mbili baadaye, mkono ukiwa kwenye plasta. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi ile sentensi. Nikamwambia chasisi imeoza, haitengenezeki, na ni bahati tumegundua mapema.

Akasema nimwonyeshe.

Nilimwambia ni kuchafu huko chini. Alichukua katoni iliyokuwa ukutani, akaitandaza mwenyewe kwa mguu, akakaa, akalala chali na gauni lake la maua, akajisogeza chini ya gari akiwa ameubeba ule mkono wa plasta kifuani. Akaniita nije na tochi. Nililala kando yake. Tochi ikamulika chuma kizima, chenye vumbi tu na rangi nyeusi ya kiwandani. Aliniuliza wapi. Nilisogeza mwanga huku na huku. Akauliza tena wapi.

Mwanamke huyu aliyemsahihisha dereva wa lori, ambaye hakuwahi kunitamkia neno hata moja lisilo sanifu, aligeuza uso wake ukawa karibu na wangu, akasema kwa Sheng safi ya hapa kwetu, "Fundi, usinibebe ufala."

Nikaacha kumfanya mjinga, nikamwambia yote nikiwa bado nimelala. Nilimwambia mwanawe alikuja na aliniomba nini. Nilimwambia shokabu zile zilikuwa ngumu mno kwa springi zake, kwamba nilijua siku ileile aliponiuliza kwamba sijui jibu, na kwamba mkono wake ulivunjwa na mimi. Nilitaka anitukane. Alinyoosha mkono wake mzima, akashika shokabu ya nyuma iliyokuwa juu ya kifua chake, akauliza kama ni hii.

Nikasema ndiyo.

"Itoe," akasema.

Ndivyo tulivyoanza upya. Nilizitoa zote, nikaleta na zile zake kuukuu zilizovuja, na nyingine tatu za aina tofauti nilizoazima kwa jirani. Nilizisimamisha moja moja kwenye jiriwa, naye akazikandamiza kwa uzito wake wote upande wa mkono mzima. Iliyokwisha ilishuka na kupanda kama pampu isiyo na hewa. Ile ngumu ilishuka shingo upande, na ilipoachwa ilirudi polepole sana. Aliitazama ikirudi. Akaniuliza gurudumu likifika bondeni ni nini kinacholisukuma chini liguse lami. Nikasema springi. Akauliza kama shokabu hii inairuhusu springi kufanya hivyo kwa haraka. Nikasema hapana, inaichelewesha.

"Kwa hiyo gurudumu langu lilikuwa hewani."

Nimefunga shokabu maisha yangu yote ya utu uzima, na mpaka asubuhi ile sikuwa nimelisema jambo hilo kwa maneno. Kazi ya shokabu si kulifanya gari gumu. Springi ndiyo inayobeba gari, na shokabu inaiamulia springi iende kwa mwendo gani, inapobanwa na inapoachiwa. Ikiachia upesi mno, gari linanesa. Ikichelewesha mno, gurudumu linabaki juu na ardhi imeshaondoka. Mwalimu aliligeuza likawa lake. Alisema gari lishike barabara iliyopo, si barabara tunayoitaka. Tangu hapo nimewaambia wateja wangu maneno hayo, na huwa nawaambia ni ya nani.

Aliuliza pia kuhusu joto. Nilimweleza kwamba ukizunguka mara nyingi mfululizo, mafuta ndani ya shokabu hupata moto na kutoa povu, na shokabu inalegea katikati ya safari. Kwa hiyo tukachagua zenye gesi, za ugumu wa wastani, zenye skrubu ndogo ya kubadilisha mwendo wa kurudi, pamoja na springi ngumu kidogo kuliko za kiwandani. Vijana waliokuwa karakanani walitikisa vichwa. Mmoja alimwambia mathe, hizo ni za kubebea kabichi. Akamjibu kwamba hata kabichi atabeba.

Hatukwenda uwanjani kuzijaribu. Alitaka barabara ya kutoka Tena kuja Mowlem, yenye matuta na lami iliyomeguka. Mimi niliendesha, yeye alikaa kando na plasta yake. Tulipita, tukageuka, nikashuka, nikazungusha skrubu, tukapita tena. Tulifanya hivyo kuanzia asubuhi mpaka watu walipoanza kula mchana. Mwenye kibanda cha viazi alituuliza tumepoteza nini. Mwalimu akatoa kichwa dirishani akamjibu kwamba tunatafuta barabara.

Jumapili iliyofuata aliniita kwake chakula cha mchana. Nilimkuta mwanawe mezani. Mwalimu alitupakulia wali na kuku, akasubiri tule vijiko vichache, kisha akamwambia mwanawe kwamba fundi amesema yote. Yule bwana aliweka kijiko chini. Nilitamani sakafu inifiche.

"Ukitaka kuniogopea," Mwalimu akasema, "niogopee mbele yangu. Usiniogopee nyuma yangu."

Hakupandisha sauti. Mwanawe akanigeukia mimi akauliza kama gari lile ni salama. Nilimwambia ukweli nilioujua: ni salama kuliko nilivyolifanya mwanzo, na hakuna gari la kukimbizwa lililo salama kabisa. Mwalimu alitikisa kichwa kukubali, kana kwamba nimefaulu mtihani ambao niliwahi kuufeli mara moja. Mwanawe hakubadili mawazo yake siku hiyo. Lakini miezi michache baadaye, plasta ilipokwisha kutolewa na mkono kupata nguvu, nilimwona uwanjani. Alisimama kwenye uzio, ameupa uwanja mgongo, anasikiliza injini tu. Mama yake alipomaliza mizunguko yake, mwana aligeuka, akahesabu milango na magurudumu kwa macho, akaenda kumfungulia.

Hakuwahi kuwa wa kwanza. Watu wakinisikia namsimulia hutaka niseme aliwashinda vijana wote, na sisemi, kwa sababu hakuwashinda. Alikuwa katikati, siku nyingine chini ya katikati. Lakini kwenye kona ya nne, wenye magari ya kushushwa walianza kupunguza mwendo kabla ya viraka, naye alipita bila kuinua mguu, nyuma imetulia. Baadhi yao walikuja kwangu baadaye, kwa aibu kidogo, wakitaka zile za kabichi.

Mara ya mwisho tulipokwenda wote uwanjani ilikuwa mwaka jana. Macho yake yalikuwa yameharibika. Daktari alimwambia asiendeshe tena, na kwa mshangao wa kila mtu alitii siku hiyohiyo. Aliniletea funguo mwenyewe, kwa miguu, kutoka Tena. Alisema atabishana na mtu, na atabishana na kanisa zima, lakini hawezi kwenda kumgonga mtoto wa mwenzake ili amwonyeshe daktari kwamba yeye hashindwi. Nikafikiri yamekwisha. Akaniambia Jumamosi nijiandae, mimi nitaendesha, yeye atakaa kando.

Uwanjani msimamizi mpya alimzuia. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwita shosho, kama anavyomwita bibi yake, akamwambia apumzike kwenye hema, kuna kivuli na soda, gari litamtikisa bure. Mwalimu alimuuliza kama kuna sheria iliyoandikwa ya umri wa abiria. Kijana akasema hapana, ni kwa ajili ya usalama wake. Mwalimu akamwambia aandike jina lake kwenye karatasi ya abiria, na alipoona kijana anasitasita, akachukua kalamu akaandika mwenyewe, kwa mwandiko wa ubaoni, herufi kubwa zilizokwenda nje ya mstari kwa sababu mstari hakuuona. Kisha akavaa helmeti.

Nilianza taratibu. Akaniambia hakuja kutembezwa. Nikaongeza mwendo. Alikuwa amefumba macho, viganja viwili amevibandika kwenye kiti, anasikiliza kwa mgongo. Mzunguko wa tatu akaniambia nisimame pembeni, shokabu ya nyuma kulia inarudi kwa kuchelewa, nipunguze skrubu kidogo tu. Mimi sikuwa nimehisi kitu, na nilimwambia hivyo. Akasema nishuke nikaguse. Nilishuka, nikapunguza, tukarudi kwenye lami, na kwenye kona ya nne nikahisi nyuma ikikaa chini kama mtu aliyepata kiti chake. Yeye alitabasamu ndani ya helmeti, niliona mashavu yakisukuma sponji.

Hapo ndipo muda wetu ulipokwisha. Yule msimamizi kijana alikuwa amesimama ukingoni mwa lami, anapunga bendera tuingie ndani. Nilipunguza mwendo. Mwalimu alihisi mguu wangu ukiinuka, akauliza kuna nini.

"Wanatupungia bendera, Mwalimu. Tutoke."

"Bendera gani?" akasema, uso ameuelekeza mbele. "Mimi sioni bendera yoyote."

Nilimtazama yule kijana, mkono wake juu, kitambaa kikipepea mchana kweupe. Nikabadilisha gia, nikampita, nikaenda kuitafuta kona ya kwanza.